Chombo na Kilichomo: Uhamishaji wa Picha za Video baina ya Programu za Kuhariri na Hatima ya Ushahidi wa Lugha

1.0 Utangulizi

Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, msemaji akitamka *teka* kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya juu, anachokusudia ni kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita *cheka*. Akilitamka neno hilo kwa ulimi kugusa ufizi, basi anazungumzia kuteka maji kisimani. Tahajia sanifu haina herufi za kuzitenga sauti hizo mbili. Vivyo hivyo, *paa* wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, ilhali *paa* la nyumba halina mpumuo. Nao *tembo* mwenye mkonga hutofautiana na *tembo* la mnazi kwa alama hiyohiyo ya pumzi, ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi.

Kwa sababu hiyo, mtafiti wa lahaja hawezi kuutegemea uandishi peke yake. Hurekodi sauti, na tangu kamera ndogo za kidijitali zilipoenea, hurekodi pia picha, kwani midomo, meno na mara nyingine ncha ya ulimi huonekana wakati wa kutamka. Video huwa ni ushahidi. Hata hivyo, ushahidi huo haukai mahali pamoja. Hutoka katika kamera ukaingia katika kompyuta, ukahaririwa katika programu moja, ukapelekwa kwa mtafiti mwingine anayetumia programu nyingine, na mwisho ukaingizwa katika programu ya kuchambulia lugha. Katika kila kivuko, kitu fulani kinaweza kudondoka bila mtu kusikia kishindo.

Mhadhara huu unajadili vivuko hivyo. Hoja yake kuu ni kwamba hasara nyingi zinazotokea wakati wa kuhamisha video hazisababishwi na udhaifu wa mashine. Husababishwa na kuchanganya matendo matatu tofauti chini ya jina moja. Anayeyatenganisha matendo hayo huweza kuhamisha video kutoka programu hadi programu bila kupoteza chochote, au kwa kupoteza kidogo anachokijua na alichokiridhia.

2.0 Neno Moja, Matendo Matatu

Katika vibanda vya kuhariria video za harusi, na hata katika ofisi za idara za vyuo, neno linalosikika ni *kukonvati*. Video haifunguki? Ikonvati. Imefunguka lakini haina sauti? Ikonvati tena. Si kosa lugha kukopa neno. Kasoro ni kwamba neno hili linabeba mambo ambayo hayafanani, na atumiaye neno moja kwa mambo matatu huelekea kuyatenda yote matatu hata pale ambapo moja lingetosha.

Ili kuyaona matendo hayo, ni muhimu kwanza kutofautisha chombo na kilichomo. Faili ya video ni chombo: ni kama kasha lililofungwa, lenye lebo inayoeleza kilichomo ndani. AVI ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1992, ni chombo. QuickTime ya kampuni ya Apple, iliyotangulia kidogo mwaka 1991, ni chombo. MXF na MP4 nazo ni vyombo. Ndani ya chombo mna picha na sauti zilizoandikwa kwa msimbo fulani, na kanuni ya kuandika na kusoma msimbo huo huitwa kodeki. DV, MPEG-2 na H.264 ni kodeki. Msimbo uleule unaweza kukaa katika vyombo tofauti, na chombo kilekile kinaweza kubeba misimbo tofauti.

Tendo la kwanza, basi, ni *kufungasha upya*: kukitoa kilichomo katika chombo kimoja na kukitia katika kingine bila kukigusa. Tendo la pili ni *kusimba upya*: kuifumua picha iliyogandamizwa, kisha kuigandamiza tena kwa kanuni nyingine. Tendo la tatu ni *kutafsiri mradi*: kuhamisha maamuzi ya mhariri, yaani wapi picha ilikatwa, ipi ilifuata ipi na sauti ipi ilipunguzwa. Tendo la kwanza halina hasara ya ubora. La pili kwa kawaida lina hasara isiyorudishika. La tatu haliigusi picha kabisa, lakini linaweza kupoteza kazi ya wiki nzima ya mhariri.

Mfano wa kanda za MiniDV unatosha kulithibitisha jambo hili. Umbizo la DV lilitoka mwaka 1995, na kumbukumbu nyingi za utafiti wa miaka iliyofuata zimo katika kanda hizo. Katika mfumo wa PAL, ambao ulitumika Kenya na Tanzania, kila fremu ya DV ina pikseli 720 kwa 576, na kuna fremu 25 kwa sekunde. Picha hugandamizwa kwa uwiano wa takriban 5 kwa 1 hadi megabiti 25 kwa sekunde, na saa moja ya kanda, pamoja na sauti yake, huchukua kama gigabaiti 13. Mtafiti aliyenakili kanda kwa kutumia Premiere katika kompyuta ya Windows alipata faili ya AVI. Mwenzake aliyetumia Final Cut Pro katika kompyuta ya Apple alipata faili ya QuickTime. Faili hizo zilionekana kama mataifa mawili yasiyosikilizana. Kumbe ndani yake mlikuwa na msimbo uleule wa DV. Aliyeamua kuigeuza AVI kuwa MPEG-2 ili tu ifunguke upande wa pili alikuwa amebomoa nyumba kwa sababu ya kukosa ufunguo wa mlango. Kufungasha upya kungetosha.

3.0 Kinachopotea

3.1 Picha

Mgandamizo wenye hasara hufanya kazi kwa kutupa kile ambacho jicho linadhaniwa halitakikosa. Rangi ndiyo hutangulia kutupwa, kwa kuwa jicho huhisi mwangaza kwa makini kuliko rangi. Katika DV ya PAL, thamani za mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli, lakini za rangi huhifadhiwa kwa robo tu ya idadi hiyo: nusu kwa upana na nusu kwa kimo. Katika DV ya NTSC, mfumo wa Marekani, robo hiyo hupatikana kwa njia nyingine: rangi hupunguzwa kwa upana peke yake. Kwa hiyo, kanda ya NTSC inapogeuzwa kuwa MPEG-2 ya DVD, ambayo hupunguza rangi kwa upana na kimo, punguzo la pili hujengwa juu ya lile la kwanza. Mpaka kati ya ulimi na meno, ambao kwa sehemu kubwa ni mpaka wa rangi, hufifia.

Tofauti nyingine ni ya muda. DV huandika kila fremu kwa kujitegemea. MPEG-2 na H.264 huandika fremu chache kwa ukamilifu, kisha fremu zinazofuata huandikwa kama maelezo ya mabadiliko tu. Njia hiyo huokoa nafasi, lakini hukisia. Katika uso wa mzungumzaji, sehemu kubwa ya picha hutulia na midomo peke yake hutembea. Endapo biti ni haba, ni hapo panapotembea ndipo panapovurugika.

Aidha, picha za kanda hizo huwa zimefumwa: kila fremu ina nusu mbili, moja yenye mistari ya shufwa na nyingine yenye mistari ya witiri, zilizopigwa kwa nyakati mbili zilizoachana kwa milisekunde 20. DV huanza na nusu ya chini. Maumbizo mengi ya video za ubora wa juu huanza na nusu ya juu. Programu ikikosea mpangilio huo, mwendo huenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda mbele tena, na midomo hutetemeka kama ya mwenye baridi. Anayezifumua nusu hizo kwa kuitupa moja hupoteza nusu ya ushahidi wa muda. Ikumbukwe kwamba mpumuo wa konsonanti hudumu makumi machache tu ya milisekunde, na fremu nzima ya PAL hudumu 40. Kwa mwanafonetiki, nusu-fremu ni kipimo kikubwa.

3.2 Mwendo na muda

Kuna hasara ambazo jicho halizioni kabisa. Mfumo wa NTSC hauna fremu 30 kamili kwa sekunde, bali 29.97. Programu ikiisoma picha kwa 30 na kuiacha sauti kwa mwendo wake halisi, tofauti huwa kama sekunde 3.6 kwa kila saa moja. Mwanzoni midomo na sauti hupatana. Mwishoni mwa mahojiano, mzee amekwisha funga kinywa na maneno yake bado yanasikika.

Video ya fremu 25 ikichezwa kwa 24, kama inavyofanyika katika kazi za filamu, sauti ikafuatana nayo bila kurekebishwa, muda wa kila silabi hurefuka kwa takriban asilimia 4 na kidatu hushuka. Mtazamaji wa kawaida hatajua. Lakini mtafiti anayepima urefu wa irabu ya silabi yenye mkazo, au mteremko wa kiimbo katika sentensi ya swali, atakuwa amepima programu ya kompyuta akidhani amempima msemaji.

3.3 Sauti

Kamera za DV hurekodi sauti kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16. Zipo pia zinazoruhusu sampuli 32,000 za biti 12. Hali ya kwanza huweza kubeba masafa hadi chini ya kilohezi 24, na ya pili hadi chini ya kilohezi 16. Sauti hii haijagandamizwa, na ndiyo hazina kubwa zaidi katika kanda ya mtafiti wa lugha. Kwa bahati mbaya, ndiyo inayotolewa kafara kwa wepesi zaidi, maana programu nyingi zinaposimba upya picha huisimba upya na sauti kwa umbizo kama MP3 au AAC bila kuuliza. Maumbizo hayo hutupa kile ambacho sikio linakisiwa kutokisikia, na biti zikiwa chache hukata masafa ya juu. Huko juu ndiko iliko sehemu ya nguvu za vikwamizo kama *s*. Wimbo utasikika vizuri. Spektrogramu itakuwa imepungukiwa.

4.0 Programu na Mapatano Yake

Kwa nini programu hizi hazielewani tangu awali? Jibu ni la kihistoria na la kibiashara. Media Composer ya kampuni ya Avid ilitoka mwaka 1989, Premiere ya Adobe mwaka 1991, na Final Cut Pro ya Apple mwaka 1999. Kila moja ilijengwa juu ya vyombo na desturi zake. Baadaye kila upande ulitengeneza kodeki ya kati, yaani ya kufanyia kazi wakati wa kuhariri: Avid ilitoa DNxHD mwaka 2004, na Apple ikatoa ProRes mwaka 2007. Kodeki hizi huandika kila fremu kwa kujitegemea na hutumia biti kwa ukarimu. Kwa picha za pikseli 1920 kwa 1080 na fremu 25, kiwango cha kawaida ni kama megabiti 120 kwa sekunde, yaani gigabaiti 54 kwa saa. Zinaweza kusimbwa tena mara kadhaa bila hasara inayoonekana kwa macho.

Pamoja na hayo, kodeki ya kati haiponyi. Kamera za AVCHD, zilizoanza mwaka 2006, zilirekodi kwa H.264 kwa megabiti zisizozidi 28. Kuigeuza video hiyo kuwa ProRes huifanya faili iwe kubwa mara kadhaa na iwe nyepesi kuhaririwa, lakini hakuongezi hata chembe ya undani. Kumimina kikombe cha maji katika pipa hakuyazidishi maji. Faida yake ni kuzuia hasara mpya.

Ama kuhusu kutafsiri mradi, ni lazima ieleweke kwamba faili ya mradi haina picha ndani yake. Ina maagizo tu. Orodha ya maamuzi ya uhariri, kwa mfano ile ya CMX 3600, ni matini sahili inayotaja jina la kanda, mwanzo na mwisho wa kila kipande. Husomwa na programu nyingi kwa sababu husema machache: hubeba mkondo mmoja wa picha na mikondo michache ya sauti. XML na AAF husema mengi zaidi, lakini vichwa vya maandishi, marekebisho ya rangi na athari nyingine maalumu mara nyingi hazivuki, kwa vile programu pokezi haina dhana inayolingana nazo. Wanaofanya tafsiri ya lugha watalitambua tatizo hili mara moja.

Hatari ya kutegemea mradi peke yake ilidhihirika mwaka 2011, Final Cut Pro X ilipotoka bila uwezo wa kufungua miradi ya toleo lililoitangulia. Mwaka 2017 mfumo mpya wa kompyuta za Apple, High Sierra, uliacha kuliendesha toleo hilo la zamani. Waliokuwa wamehifadhi miradi bila kuisafirisha katika XML, au bila kutoa nakala kamili ya video iliyohaririwa, walibaki na maagizo yasiyo na msomaji.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, utaratibu ufuatao unafaa kwa mtafiti au mwanafunzi anayehamisha video.

Kwanza, aitambue video kabla ya kuigusa. Chombo, kodeki, idadi ya fremu kwa sekunde, mpangilio wa nusu-fremu na sampuli za sauti viandikwe. Programu ya bure kama MediaInfo huyasoma mambo hayo kwa sekunde chache.

Pili, faili iliyotoka katika kamera iwekwe kando bila kuhaririwa, katika nakala zaidi ya moja, pamoja na alama yake ya uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Biti moja ikibadilika, namba hubadilika.

Tatu, ajaribu kufungasha upya kabla ya kusimba upya. Programu huria FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huweza kukihamisha kilichomo kutoka chombo hadi chombo bila kukifumua, na huweza pia kukokotoa alama ya uhakiki ya kila fremu. Alama za kabla na baada zikilingana, hapana haja ya kubishana: hakuna kilichopotea.

Nne, ikiwa programu pokezi haiijui kodeki ya asili, asimbe upya mara moja tu, kwa kodeki ya kati au kwa kodeki isiyo na hasara kama FFV1. Asibadili ukubwa wa picha, idadi ya fremu wala mpangilio wa nusu-fremu, na sauti aiache ilivyo. Jambo moja libadilike, mengine yabaki.

Tano, afanye jaribio. Mtafiti mwenye busara hupiga kofi mbele ya kamera mwanzoni mwa rekodi na mwishoni. Viganja vinapokutana, sauti isikike katika fremu hiyohiyo. Kofi la kwanza likipatana na la mwisho likaachana, mwendo umebadilika mahali fulani njiani.

Sita, nakala nyepesi ya kusambaza itolewe mwishoni kabisa, kutoka kwenye nakala bora, wala isitolewe kamwe kutoka kwenye nakala nyingine nyepesi. Tahadhari hii inahusu pia ELAN, programu ya Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen inayotumiwa na wanaisimu wengi. ELAN huhifadhi ufafanuzi katika faili ya pekee, kwa kutaja nyakati za video. Nakala ya video iliyokatwa sekunde mbili mwanzoni huuhamisha ufafanuzi wote kwa sekunde mbili, na kila neno hukaa juu ya mdomo usio wake.

6.0 Funzo kutoka Historia ya Maandishi

Tatizo hili si geni katika taaluma za Kiswahili. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo katika hali yake ya kawaida hazikuwa na herufi za *p*, *ch*, *g* na *v*, wala hazikutenga *e* na *i*, au *o* na *u*. Maandishi hayo yalipohamishiwa katika hati za Kirumi, irabu zilipata nafasi zake. Lakini chombo kipya nacho kilikuwa na mapengo yake. Mmishonari W. E. Taylor, aliyefanya kazi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kupata msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, alitumia alama maalumu kuonyesha mpumuo na kutenga sauti za meno na za ufizi. Usanifishaji ulioongozwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ulijengwa juu ya Kiunguja, ambacho hakikuzihitaji alama hizo, nazo zikaachwa.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kielimu na kiutawala, na haulaumiwi hapa. La kuzingatia ni kilichofuata. Pale ambapo muswada wa asili umehifadhiwa, mtafiti wa leo huweza kuurudia na kusoma upya neno lililopotoshwa na mnakili. Pale ambapo nakala ya Kirumi peke yake ndiyo iliyosalia, mjadala huishia katika kukisia. Kusimba upya kunakubalika maadamu asili ipo. Asili ikitoweka, kila kosa la mnakili hugeuka kuwa ukweli.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba kuhamisha video baina ya programu si kazi ya kumwachia fundi peke yake. Fundi ataihukumu video kwa jicho la mtazamaji, naye atasema kweli akisema kwamba picha ni safi. Mwanaisimu anahitaji zaidi ya picha safi. Anahitaji kujua kwamba milisekunde ni zilezile, masafa ni yaleyale na fremu ni zilezile.

Kiswahili nacho kina wajibu wake katika jambo hili. Istilahi *kufungasha upya*, *kusimba upya* na *kutafsiri mradi* zinatolewa hapa kama mapendekezo. Wenye kuunda istilahi watazipima, na pengine watapata zilizo bora. Lililo muhimu ni kwamba mwanafunzi anayekabidhiwa kanda aweze kuulizwa, kwa lugha yake, ni lipi kati ya matatu analokusudia kulifanya, kabla hajalifanya.

Kanda za MiniDV zinachakaa, na vyombo vya kuzichezea vimekuwa adimu. Wengi wa wazee waliorekodiwa humo hawapo tena. Maji yakimwagika hayazoleki, nayo sauti iliyokatwa haiungwi. Siku mwanafunzi atakapotaka kujua iwapo mzee wa Mombasa alisema kwamba binti yake alikuwa akicheka au alikuwa akiteka maji, jibu litakuwa katika ncha ya ulimi wake, katika fremu moja au mbili. Fremu hizo zitakuwapo ikiwa aliyeihamisha video alikibadili chombo akakiacha kilichomo.